Shangazi, nikapumzike wapi?



*Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, kwetu Lushoto, ila kwa miaka sasa naishi Hamburg na mume wangu, mtu wa Pangani. Yeye ni dereva wa basi la mjini. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Kuanzia Novemba mpaka Machi naingia kazini giza, natoka kazini giza, nikiamka kumeshakuchwa. Mwaka huu mwezi wa pili nilikaa jikoni nikalia bila kujua kinachoniliza.*

*Januari ijayo nimepewa likizo ya siku tisa, na mume wangu kapata zake wiki hiyo hiyo. Mtoto wetu yuko chuoni, akiba tumeweka. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mume wangu anataka Gran Canaria, hoteli ya ufukweni ambayo chakula chote umeshakilipia, "tukalale juani, tule." Mimi nataka miti, ukungu, njia za kutembea kwa miguu, na chakula cha wenyeji wa pale, sio masufuria ya hoteli yaliyopangwa mstari. Rafiki yangu kazini anasema twende Andalusia. Joto la kuniunguza silitaki, na baridi nimeshiba. Tunakula halali.*

*Kibaya zaidi wifi yangu kasikia. Kaandika kwenye grupu la familia: "Mwenda kwao si mtumwa, ila wengine kwao hawakuoni." Mama yangu ana miaka sabini na mbili, na mara ya mwisho nilimwona mwaka juzi. Nawaza nimwambie tu kwamba wiki hiyo nitakuwa kazini. Shangazi, kupumzika ni dhambi? Na kama si dhambi, twende wapi?*

*Mchovu wa Giza, Hamburg*



Kupumzika si dhambi. Umeuliza maswali mawili, na lile la kwanza ndilo linaloharibu la pili. Anayekwenda kupumzika kwa kujificha hapumziki; kila akipiga picha anawaza nani ataiona. Kwa hiyo tumalize ya nyumbani kwanza, ndipo tupande ndege.

Siku tisa hazitoshi kwenda Lushoto. Hebu zihesabu. Hamburg hakuna ndege ya moja kwa moja ya kwenda Dar es Salaam. Utabadilisha Istanbul, Doha au Addis Ababa, utafika miguu imevimba, halafu basi la Lushoto linakula kutwa. Kurudi ni hivyo hivyo. Siku nne zimeishia njiani. Tano zilizobaki, moja ni ya wakwe Pangani, moja ya kuhani misiba iliyotokea ukiwa haupo, moja ya kugawa ulivyobeba, na mbili za kusikiliza shida za watu. Mama mwenyewe utamwona katikati ya wageni, akihangaika na chai yao. Safari ya kwetu ni ya wiki tatu. Ni haki ya mama na ni furaha yako, lakini mapumziko hayamo, na kila anayeishi ughaibuni analijua hilo hata kama hathubutu kulisema.

Basi mpigie mama. Usimwombe ruhusa wala usimdanganye, mpe habari: "Mama, mwili umechoka, tunakwenda kupumzika wiki moja huku huku, na kuja nyumbani tumepanga mwezi fulani." Utaje mwezi wenyewe, na kabla hujautaja uwe umeshaiomba likizo hiyo kazini, ili isiwe ahadi ya kumtuliza. Kile unachomtumia kila mwezi kifike kabla ya picha zako. Mama aliyelea watoto na kulima miteremko ya Usambara hahitaji kufundishwa maana ya kuchoka. Wifi naye, usimjibu kwenye grupu. Methali yake ni ya kweli na hujaikana, umeipangia tarehe. Wa kuzungumza na dada yake ni mume wako, kwa simu, wawili peke yao.

Sasa mahali. Watu wakitafuta pa kukimbilia baridi huangalia digrii peke yake. Wewe anza na mwanga. Katika siku fupi kuliko zote za mwaka, Hamburg hupata mwanga wa jua kwa muda wa saa saba na nusu tu, na mara nyingi jua lenyewe liko nyuma ya wingu. Mtu wa zamu za usiku saa hizo zote anazilala. Siku hiyo hiyo kisiwa cha Madeira hupata mwanga kwa saa kumi, na Visiwa vya Canary huzidisha dakika ishirini hivi. Hiyo tofauti ya saa mbili na nusu na zaidi ndiyo unayoinunua. Joto ni nyongeza.

Na kile kilio cha jikoni usikipuuze. Huko kaskazini, kuanzia Oktoba hadi Machi, jua halina nguvu ya kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D ya kutosha, na ngozi yetu nyeusi huhitaji jua zaidi ya ngozi nyeupe. Tena giza la msimu lina ugonjwa wake wa huzuni, ambao madaktari wa Ujerumani wanaufahamu na wana tiba yake. Kabla ya safari mwone daktari wako wa kawaida, mweleze habari ya kulia, apime damu: vitamini D, madini ya chuma, na homoni za tezi ya shingo. Wiki moja ya jua haitibu ugonjwa, na usije ukailaumu safari kwa kushindwa kazi isiyo yake.

Andalusia ni pazuri, na kwa mtu wa halali Granada ina neema: ina jamii kubwa ya watu wa Morocco na mikahawa yao, na msikiti uliofunguliwa mwaka 2003 unaotazamana na Alhambra. Lakini mji huo uko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, miguuni mwa Sierra Nevada yenye theluji. Januari mchana utavua koti, usiku kipimo kitashuka kukaribia sifuri. Weka Granada kwa Aprili.

Gran Canaria ya mume wako haina kosa. Kusini mwa kisiwa kile kuna jua la kutegemewa kuliko karibu pote Ulaya kwa mwezi wa Januari, mchana digrii 20 na ushee, na pale Maspalomas mchanga ni wa kutosha kupotea. Ila kusini ni kukavu, miti yako huioni, na hoteli ya chakula kilicholipiwa inakufungia ndani kwa pesa zako mwenyewe: ukishalipa, kwenda kula nje unaona ni ufujaji. Mkiamua Canary, afadhali La Gomera. Mnashuka Tenerife, mnapanda feri bandari ya Los Cristianos kwa muda wa kama saa moja, na juu ya kisiwa mnakuta msitu wa Garajonay, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1986. Huko wana viazi vidogo vinavyochemshwa kwa chumvi nyingi mpaka maganda yakajikunja, vikaliwa na mchuzi wa pilipili na vitunguu saumu uitwao mojo. Hilo ndilo chaguo langu la pili.

La kwanza ni Madeira, kisiwa cha Ureno kilichoko Atlantiki, karibu zaidi na Morocco kuliko Lisbon. Nakupeleka huko kwa sababu wewe ni wa mlimani na mumeo ni wa pwani, na pale vyote viwili viko chini ya saa moja kwa gari: asubuhi mnakunywa kahawa Funchal kando ya bahari, kabla ya adhuhuri mko Pico do Arieiro, mita 1,818, mawingu yako chini yenu.

Hali ya hewa uijue vizuri usije ukanilaumu. Funchal, mji mkuu, mchana wa Januari hufika digrii 19 au 20, usiku 13 au 14. Fulana mchana, sweta jioni. Mvua ipo, na miezi yake ni hiyo hiyo, Novemba hadi Februari. Lakini upepo huja zaidi kutoka kaskazini-mashariki, hugonga milima na kumwaga maji yake upande wa kaskazini. Kusini hubaki kukavu zaidi. Kwa hiyo laleni kusini: Funchal, Ponta do Sol au Calheta. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa raba, fungua simu uangalie kamera za milimani zinazoonyesha hali ilivyo muda ule. Wingu likiwa juu, bakini pwani. Likiwa pwani, huenda juu kweupe, kilele kimeshalitoboa.

Kuna jambo linalowashtua wengi wanaotoka Ujerumani: nyumba nyingi za huko hazina mfumo wa kupasha joto. Digrii 14 nje ni raha. Digrii 14 chumbani usiku, shuka zikiwa na unyevu, ni adhabu. Kabla hujalipa, mwandikie mwenye nyumba swali moja tu: chumba cha kulala kina hita? Akikujibu kwamba kwao hakuna baridi, tafuta kwingine.

Ya kutembea ni levada. Hii ni mifereji ya maji, jamaa ya mifongo ya Wachaga kule Kilimanjaro, iliyoanza kuchimbwa karne ya 15 ili kupeleka maji kwenye mashamba, ya miwa kwanza. Miwa ile ililimwa pia na watumwa, Waafrika wakiwemo, kabla Wareno hawajaipeleka biashara ya sukari Brazili. Kandokando ya mfereji kuna kijia cha mtunza maji, na kwa kuwa maji huteremka polepole, kijia nacho hakipandi wala hakishuki sana. Mtu ambaye mgongo wake unainua wazee usiku kucha anaweza kutembea muda mrefu bila kuhema. Anzeni na ile fupi ya Balcões, kutoka Ribeiro Frio: kilomita moja na nusu kwenda, tambarare, na mwisho wake ni roshani inayotazama bonde lote, ambako vindege vya msituni huja kuchukua makombo kiganjani.

Siku ya ukungu nendeni Fanal, uwanda wa juu upande wa magharibi. Msitu wa kisiwa hiki, laurisilva, ni wa miti ya jamii moja na mdalasini na mparachichi, masalia ya misitu iliyofunika kusini mwa Ulaya mamilioni ya miaka iliyopita; UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1999. Pale Fanal miti ni ya zamani mno, mashina yamepinda, matawi yameota kuvu na kangaga. Kwa mtu wa Usambara, hiyo ni harufu ya nyumbani. Ila kabla ya njia yoyote soma orodha rasmi ya njia zilizo wazi, kwa sababu moto wa Agosti 2024 uliunguza sehemu za milima ya kati, na siku hizi njia nyingi rasmi hulipiwa na kuandikishwa mtandaoni kabla ya kufika.

Chakula, hapa nitakaa kidogo, maana ndicho kilichonifanya niipende Madeira.

Utaagiza samaki, na pembeni yake utaletewa vipande vya mraba vya rangi ya dhahabu. Ukikivunja kimoja, ndani ni ugali. Vinaitwa milho frito: unga wa mahindi uliosongwa pamoja na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba sana, ukamiminwa kwenye trei, ukapoa mpaka ukashikana, ukakatwa na kukaangwa. Ganda linalia menoni, katikati ni laini, na majani yanaonekana yametapakaa humo. Sisi tunaotupa kiporo cha ugali kila asubuhi tunapaswa kuona haya.

Samaki wao mkuu ni espada, mweusi tii, mwembamba na mrefu kama mkanda, mwenye macho makubwa kwa sababu makazi yake ni gizani. Huvuliwa kwa mishipi inayoteremka karibu mita 1,000. Sokoni anatisha. Sahanini nyama yake ni nyeupe na laini, imevingirishwa kwenye yai na unga, na juu yake pana ndizi ya kukaanga. Mume wako atabisha kwamba ndizi na samaki haviendi pamoja, kisha atamaliza cha kwake na kuangalia chako. Kuna pia lapas, viumbe vya gamba vinavyobanduliwa miambani na kuchomwa na siagi, vitunguu saumu na limau. Kuna supu ya nyanya na vitunguu yenye yai ndani. Na kuna bolo do caco, mkate wa duara wa unga wa ngano na kiazi kitamu, unaookwa juu ya jiwe la moto na kupakwa siagi ya vitunguu saumu. Mkate huo ukiliwa wa moto, chakula kikuu kinakuwa cha ziada.

Kwa matunda, ingia Mercado dos Lavradores, soko la Funchal lililofunguliwa mwaka 1940. Pesheni ni za aina ambazo hata sisi hatunazo, ndizi za kisiwani ni ndogo na tamu, na Januari ni msimu wa anona, ndugu wa topetope letu, nyororo na lenye uchachu kidogo. Kwenye soko lolote la watalii uliza bei kabla hujakubali kuonjeshwa na kukatiwa. Ya kula kila siku nunua kwenye maduka ya mitaani.

Kuhusu halali, ifanye iwe rahisi: wiki hiyo muwe watu wa samaki. Espetada, mishikaki mikubwa ya ng'ombe, itawaita kwa harufu, lakini machinjo si yetu. Carne de vinha d'alhos ni nguruwe. Poncha ni pombe ya miwa, hata mkiambiwa ni asali na limau. Na samaki mwenyewe ulizia, kwa kuwa wapo wanaomloweka kwenye mvinyo, na wapo wanaotia mafuta ya nguruwe kwenye milho. Kariri Kireno hiki: *sem porco, sem vinho*. Wahudumu wamezoea kuulizwa.

Mume wako usitafute kumshinda, mpe kazi. Barabara za Madeira ni mahandaki, kona na miteremko ya kumpa dereva wa basi sifa. Kodini gari lenye nguvu. Lile la bei ya chini kabisa litawapa tabu mlimani. Ya bahari mwambie ukweli mapema asije akanuna: fukwe nyingi ni mawe meusi, mchanga wa Calheta uliletwa kutoka nje, na maji Januari ni digrii 18 au 19. Ukimpeleka Porto Moniz, kwenye mabwawa ya asili yaliyozungukwa na mawe ya volkano ambamo mawimbi huingia yenyewe, atakusamehe nusu. Nusu nyingine mtafutie hoteli yenye bwawa la maji ya moto, na katika siku zenu, mbili ziwe zake za kulala juani, bila wewe kumwamsha. Lipieni chumba na kifungua kinywa peke yake. Mchana na jioni mle mnapofika.

Nendeni nusu ya pili ya Januari. Fataki za Mwaka Mpya za Funchal hupandisha bei za vyumba, na baada yake hupungua. Msisogeze mpaka Februari, kwani Ramadhani ya 2027 inatarajiwa karibu tarehe 8. Ndege ya moja kwa moja kutoka Ujerumani huchukua karibu saa tano. Ureno iko ndani ya Schengen, kwa hiyo kibali chako cha kuishi Ujerumani kikiwa hai hutahitaji viza. Beba kibali na pasipoti, vyote viwili. Na rudi siku moja kabla ya lazima. Sehemu ya njia ya kurukia ndege pale imejengwa juu ya nguzo kandokando ya bahari, na upepo ukizidi ndege hugeuzwa zikatua Porto Santo au Lisbon. Ukipanga kutua jioni na kuingia zamu usiku ule ule, umejitafutia presha. Katika siku zako tisa, nane ni za safari na ya tisa ni ya akiba, isipohitajika, lala.

Utaratibu ni huu: likizo ya kwenda kwa mama iombwe kwanza, kisha simu ya mama, kisha daktari, na tiketi mwisho. Msikope hata senti. Akiba ikipungua, punguzeni siku ziwe tano. Kwenye hita na kwenye sahani msikate kitu.

Safari njema, mwanangu.

*Shangazi*